Mlango Mpya wa Tervuren: Jinsi Ukarabati wa Jumba la Leopold II Ulivyopangwa

Wengi wanaozungumzia ukarabati wa Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, huanza na sanamu zake, na wana haki, kwa sababu sanamu ndizo zinazoumiza macho. Mimi nitaanza na mlango. Tangu Desemba 2018 mgeni haingilii tena mlango mkubwa wa jumba hilo, ule unaotazama bustani na ziwa. Anapokelewa katika jengo jipya la vioo lililosimama pembeni, anashuka chini ya ardhi, anafuata njia ndefu nyeupe ya chini kwa chini, kisha anaibukia ndani ya jumba la zamani kutoka chini yake, kama mtu anayeingia nyumba ya mwenyeji wake kwa kupitia ghalani. Uamuzi huo wa kuhamisha mlango ndio, kwa maoni yangu, uliobeba mpango mzima wa ukarabati na upanuzi. Yote yaliyofanikiwa yalitokana nao, na yaliyoshindikana yalishindikana kwa sababu mlango peke yake hauwezi kufanya kila kazi.

Jumba lenyewe ni kazi ya Charles Girault, msanifu majengo Mfaransa ambaye alikuwa amekwisha kujijengea jina kwa Petit Palais ya Paris. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimtaka baada ya Maonyesho ya Kimataifa ya Brussels ya mwaka 1897, ambayo sehemu yake ya Kongo iliwekwa Tervuren. Wakongo 267 waliletwa ili watazamwe na wageni katika vijiji vya kuigiza vilivyojengwa bustanini. Saba kati yao walifia huko, na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji huo. Watu walifurika, mfalme akaridhika, na maonyesho ya muda yakageuzwa kuwa makumbusho ya kudumu. Ujenzi wa jumba la sasa ulianza mwaka 1904 kwa fedha zilizotoka Kongo, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa bado mali ya mfalme mwenyewe chini ya jina la Dola Huru ya Kongo. Leopold alifariki Desemba 1909, na mrithi wake, Albert I, akalifungua jumba mwaka 1910. Herufi mbili za L zilizofungamana, ambazo ni alama ya Leopold, zimechongwa katika jengo hilo mara 45.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba upanuzi wa Tervuren ulipangwa tangu mwanzo. Leopold hakutaka jumba moja tu. Alitaka pawe na majengo mengine kuzunguka bustani, pamoja na chuo cha kuwaandaa watu watakaotumwa makoloni na nchi za mbali. Alipofariki mpango huo uliachwa. Kwa hiyo jumba la Girault lilibaki peke yake likiwa na bustani kubwa kupita kiasi mbele yake, na kwa miaka mia moja hivi likalazimika kubeba kazi ambazo msanifu wake hakuwa amezikusudia liwe nazo peke yake: maonyesho, maktaba, maabara, ghala za wanyama waliokaushwa, ofisi za watafiti, na madarasa ya wanafunzi.

Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, hali ya jumba ilikuwa ya kutia aibu kwa namna mbili tofauti, na ni vyema kuzitenganisha kwa sababu mpango wa ukarabati ulizishughulikia kwa nguvu zisizolingana. Aibu ya kwanza ilikuwa ya kimwili. Jengo lilikuwa limechakaa, nyaya za umeme na mabomba ni ya zamani, joto na unyevu havikuweza kudhibitiwa, na vitu vya mbao, ngozi na nyuzi vilikuwa vikiishi katika hewa iliyobadilika kwa kufuata majira ya Ubelgiji. Wageni hawakuwa na mahali pa kutosha pa kuweka makoti, wala pa kula, wala pa kukusanya watoto wa shule kabla ya kuwatembeza. Aibu ya pili ilikuwa ya maudhui. Maonyesho ya kudumu yalikuwa kwa sehemu kubwa yamebaki yalivyopangwa katika miaka ya 1950, kabla ya uhuru wa Kongo, na ndiyo maana watu wakapenda kuyaita makumbusho ya mwisho ya kikoloni duniani. Guido Gryseels, aliyeshika ukurugenzi mwaka 2001, alitangaza nia ya kurekebisha yote mawili. Mpango mkuu wa majengo ukakabidhiwa kwa msanifu Mbelgiji Stéphane Beel na wenzake, jumba likafungwa Desemba 2013, na likafunguliwa tena miaka mitano baadaye. Gharama zilizidi euro milioni 70.

Kabla ya kusema juu ya michoro, lazima niseme juu ya ruhusa, kwa kuwa katika kazi za namna hii anayetoa ruhusa ana mkono mzito kuliko anayeshika kalamu. Makumbusho ni taasisi ya utafiti ya serikali ya shirikisho ya Ubelgiji. Jengo lenyewe liko chini ya wakala wa majengo wa serikali hiyohiyo ya shirikisho, ambao ndio ulikuwa mwajiri wa wasanifu na wakandarasi. Lakini Tervuren iko katika jimbo la Flanders, na urithi wa majengo ni jambo la majimbo. Hivyo mamlaka ya urithi ya Flanders ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho kuhusu kipi kiguswe na kipi kisiguswe. Jumba limesajiliwa kuwa urithi unaolindwa kisheria, na ulinzi huo haukomei kwenye kuta za nje. Unahusu mapambo ya ndani, sanamu zilizowekwa kwenye vishubaka vyake, na hata makabati ya vioo ya zamani ambamo vitu vya Kongo vilionyeshwa. Bustani nayo ina ulinzi wake. Mtu anayefahamu mashauri ya aina hii katika miji yetu ya mwambao, ambako baraza moja linaamua juu ya mlango na jingine juu ya paa, hatashangaa kusikia kwamba kutoka kwenye wazo hadi kwenye koleo la kwanza ilipita zaidi ya miaka kumi.

Ukiweka masharti hayo mezani, utaona kwamba msanifu hakuwa na njia nyingi. Hakuweza kuongeza ghorofa juu, wala kuunganisha bawa jipya ubavuni mwa jumba, maana umbo la Girault ni la ulinganifu mkali na bawa lolote lingelivunja. Asingeweza kujenga mbele, kwa sababu mbele ni bustani iliyopangwa kwa mtindo wa Kifaransa, na mandhari yake ni sehemu ya urithi. Kilichobaki ni kushuka. Beel alichagua kuweka kazi zote za mapokezi katika jengo moja jepesi la vioo kando ya jumba, likiwa na tiketi, duka na mgahawa, na kuyaunganisha majengo hayo mawili kwa kumbi za chini ya ardhi ambazo kutoka nje hazionekani kabisa. Eneo lililo wazi kwa wageni likakua kutoka mita za mraba 6,000 hadi 11,000, na hata hivyo mtu anayepita bustanini hulikuta jumba la zamani likiwa na umbo lilelile.

Mimi ni shabiki wa uamuzi huo, na nitaeleza kwa nini, ingawa najua wako wanaoliona jengo la vioo kuwa baridi na lisilo na roho. Upanuzi mwingi wa majengo ya kale huharibikia pale ambapo mpangaji anataka jengo la zamani liendelee kufanya kila kitu, halafu anaongeza vyumba pembeni ili kufidia pungufu. Matokeo yake ni jumba la kale lililotobolewa kila mahali kwa ajili ya lifti, mabomba ya hewa, vyoo na milango ya dharura. Tervuren walifanya kinyume: kwanza waliorodhesha kazi ambazo jumba la zamani liachishwe, ndipo wakaamua jengo jipya liwe na ukubwa gani. Kula, kukata tiketi, kununua kitabu, kutunza koti, kukusanya wanafunzi, maonyesho ya muda, ukumbi wa mihadhara, yote yalihamishwa. Msomaji anaweza kucheka kwamba nashangilia vyoo katika makala kuhusu urithi, lakini aliyewahi kupeleka darasa la watoto katika makumbusho ya zamani atanielewa. Baada ya kazi hizo kutoka, jumba la Girault likabaki na lile ambalo linaliweza vizuri kuliko jengo lolote jipya, yaani kumbi ndefu zenye dari za juu na mwanga unaoingia kutoka bustanini.

Kumbi za chini ya ardhi nazo zilitumiwa kwa akili. Mgeni anapita kwanza kando ya mtumbwi mkubwa uliochongwa kwa gogo moja, wenye urefu wa zaidi ya mita 22, ambao Leopold III, mfalme wa zamani wa Ubelgiji, alisafiri nao mtoni Kongo mwaka 1957. Ukiwa umelazwa katika njia ile nyeupe isiyo na pambo, mtumbwi huo unaonekana kwa ukubwa wake wote, jambo ambalo lisingewezekana katika chumba kilichojaa makabati. Kisha hufuata sehemu inayoeleza historia ya makumbusho yenyewe, na chumba kimoja ambamo sanamu za kikoloni zilizoweza kuondolewa zimekusanywa pamoja, zikiwa zimebanana kama ghalani. Miongoni mwake ni sanamu ya mtu-chui iliyochongwa na Paul Wissaert, ambayo kwa miongo mingi iliwatisha watoto wa Kibelgiji na kuwafundisha kwamba Mwafrika ni mtu wa kuvizia usiku akiwa na makucha ya chuma. Hapo haikuvunjwa wala kufichwa. Imeondolewa kwenye njia kuu na kuwekwa mahali inapotazamwa kama ushahidi dhidi ya walioiagiza.

Basi tufike kwenye ukumbi wa duara, mahali ambapo mpango wa majengo na mpango wa maudhui viligongana. Ukumbi huo, ulio chini ya kuba, ndio uliokuwa mapokezi ya jumba la zamani. Mgeni alipovuka kizingiti cha mlango mkubwa alikutana na sanamu za dhahabu za Arsène Matton zilizokaa kwenye vishubaka vya ukutani: Ubelgiji ikiipelekea Kongo ustaarabu, Ubelgiji ikiipelekea Kongo neema, Ubelgiji ikiipa Kongo msaada, na nyingine ikionyesha utumwa, ambamo mfanyabiashara wa Kiarabu anawakandamiza Wakongo. Kwa hiyo kabla hajasoma neno lolote, mgeni alikuwa amekwisha kupewa muhtasari wa yote atakayoyaona: huyu ni mwokozi, huyu ni mwovu, na yule aliye chini ni wa kuokolewa.

Kwa msomaji wa Kiswahili sanamu ile ya utumwa ina ukakasi wa pekee. Wale walioitwa Waarabu katika vita vya Kongo ya mashariki vya 1892 hadi 1894 walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa mwambao na waungwana wa bara waliozungumza lugha hii ninayoandika, na Kiswahili kinachosikika leo kutoka Kisangani hadi Lubumbashi kina mzizi mmojawapo katika misafara yao. Walifanya biashara ya watumwa, na hakuna haja ya kuwasafisha. Lakini Leopold, ambaye sanamu zake zinajisifu kuwafukuza, mwaka 1887 alikuwa amemteua mkubwa wao, Hamed bin Muhammed aliyejulikana kama Tippu Tip, kuwa liwali wake wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani, na akamlipa mshahara. Dhahabu ya Matton haisemi hayo. Sanamu hiyo imesimama pale tangu ukoloni, ikisema nusu ya habari kwa sauti kubwa.

Wapangaji walitaka sanamu hizo zitoke, lakini sheria ya urithi ilikataa. Zimo ndani ya kuta. Kwa macho ya mamlaka ya urithi ni sehemu ya jengo kama zilivyo nguzo na sakafu ya marumaru. Hapa ndipo ninapoona uzito halisi wa kuhamisha mlango. Kwa kuwa sanamu hazikuweza kuondolewa, mpango ulibadilisha zamu yake. Zamani zilikuwa salamu ya kwanza. Sasa mgeni hufika kwenye ukumbi wa duara akiwa amekwisha kupita chini, amesoma jumba lilijengwa na nani na kwa fedha za nani, na ameona sanamu nyingine zikiwa zimebanana chumbani. Anapoinua macho kuitazama dhahabu ile, haitazami tena kama mtu anayepokelewa nayo. Sijui njia nyingine ya usanifu ambayo ingeweza kupata matokeo makubwa hivyo bila kugusa jiwe hata moja lililolindwa.

Hata hivyo, haikutosha. Katikati ya ukumbi iliwekwa kazi ya Aimé Mpane, msanii mzaliwa wa Kinshasa, ambayo ni kichwa kikubwa cha Mwafrika kilichochongwa kwa mbao zilizotobolewa, kikiwa na chipukizi utosini, ili kijibizane na dhahabu ya kuta. Ni kazi nzuri. Lakini mtu akisimama pale huona wazi kwamba msanii aliitwa kuzungumza ndani ya chumba ambacho wengine walikuwa wamekwisha kukipanga, na kwamba kichwa kimoja cha mbao kinalazimika kubishana na kuta nzima. Wapinzani walilisema hilo mara tu baada ya ufunguzi. Ndipo Mpane, akishirikiana na Mbelgiji Jean Pierre Müller, akaongeza kazi nyingine: vitambaa 16 vyepesi vyenye michoro, vilivyotundikwa mbele ya sanamu 16, ili mtu aione sanamu ya zamani na picha mpya kwa wakati mmoja, ya nyuma ikipenya kwa mbele. Pia waliweka sanamu ya pili ya kuielekea ya kwanza, yaani fuvu la chifu Lusinga, ambalo nitalirudia hapa chini.

Katika ukumbi wa kumbukumbu hali ilikuwa hivyohivyo. Kuta zake zina majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Hakuna jina hata moja la Mkongo, ingawa Wakongo waliokufa katika miaka hiyo kwa kazi ya kulazimishwa ya mpira, kwa njaa na kwa maradhi wanahesabiwa na wanahistoria kwa mamilioni. Kuta zinalindwa, majina hayafutiki. Freddy Tsimba, msanii mwingine wa Kinshasa, alipata ufumbuzi ambao naupenda kuliko wote: aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, wakiwamo wale saba wa 1897, ili jua linapowaka vivuli vya majina hayo viangukie juu ya majina ya Wabelgiji. Hakugusa ukuta. Kwa kuwa jua la Ubelgiji ni la kubahatisha, kuna siku ambapo mgeni haoni kitu, na nadhani msanii alilijua hilo.

Nikizitazama kazi hizi zote kwa pamoja, vitambaa, vivuli, kichwa cha mbao, naona zina sifa moja: zilikuja baada ya michoro. Hapo ndipo lawama yangu kwa mpango huu ilipo. Makumbusho yalikuwa na kamati ya mashauriano na vyama vya Waafrika waishio Ubelgiji, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, COMRAF, tangu mapema miaka ya 2000, na baada ya jumba kufungwa kundi dogo la wataalamu wenye asili ya Afrika liliombwa kutoa maoni kuhusu maonyesho mapya. Lakini maswali makubwa ya nafasi yalikuwa yamekwisha kujibiwa: kumbi ngapi, zipangwe vipi, historia ya ukoloni ipewe eneo gani. Walioitwa waliulizwa maneno yatakayoandikwa ukutani, hawakuulizwa ukuta uwe wapi. Baadhi yao walilalamika hadharani kwamba maoni yao hayakuwa na nguvu. Februari 2019, miezi michache baada ya ufunguzi, kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye asili ya Afrika lilitembelea Ubelgiji na kusema kwamba upangaji upya wa makumbusho haukwenda mbali vya kutosha.

Najua jibu linalotolewa kwa lawama hii. Husemwa kwamba mpango mkuu wa majengo ni jambo la kiufundi, la mizigo ya sakafu, maji ya ardhini na njia za kuokolea watu moto unapozuka, na kwamba vyama vya diaspora havina cha kuchangia katika hayo. Sikubaliani nalo. Ukubwa wa ukumbi wa historia ya ukoloni si jambo la kiufundi. Wakosoaji wengi waliuona mdogo mno katika jumba ambalo lote ni zao la ukoloni. Mpangilio wa mada nao ni uamuzi wa mtu: kumbi za mila na sherehe, za lugha na muziki, za mazingira na viumbe, za utajiri wa madini na mazao. Hata maelezo yenyewe, yaliyoandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, yalihitaji nafasi ya lugha nne kwenye kila ubao, na ubao uliokwisha kukatwa kwa lugha nne hauna pa kuweka ya tano. Mtu wa Bukavu anayekwenda kuangalia vitu vya babu zake atavisoma kwa Kifaransa. Hilo lilihitaji kusemwa siku ubao unapimwa.

Kulikuwa pia na maamuzi madogo yaliyofanywa vizuri ambayo hayasemwi sana. Chumba cha mamba, pamoja na michoro yake ya ukutani na makabati yake, kiliachwa karibu kama kilivyokuwa, ili mtu aone maonyesho ya zamani yalivyoonekana. Naona ni busara. Ukarabati unaosafisha kila kitu hufuta pia ushahidi, na kizazi kijacho hakitaamini kwamba watu wazima wenye elimu waliwahi kuyapanga mambo namna ile.

Sasa nirudi kwa Lusinga. Huyu alikuwa chifu wa Watabwa, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1884 watu waliotumwa na Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekuwa amesimamia kituo cha Karema, ambacho leo kiko Tanzania, kisha akaanzisha kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa, walikivamia kijiji chake, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lilisafirishwa hadi Ubelgiji, likakaa Tervuren, na mwaka 1964 likahamishiwa taasisi ya sayansi za viumbe ya Brussels. Sanamu ya mbao iliyokuwa mali ya chifu huyo ilichukuliwa katika uvamizi uleule, nayo imo katika makusanyo ya Tervuren. Kwa miaka mingi iliandikwa na kusifiwa kama kazi bora ya sanaa ya Watabwa. Mpane alipolichonga fuvu la Lusinga na kuliweka ukumbini, aliuliza swali ambalo mpango wa majengo haukuwa nalo kabisa: itakuwaje vitu hivi vitakapodaiwa?

Mpango ulidhani kwamba vitu vitakaa. Kila kitu kilipimwa kwa dhana hiyo, kuanzia hewa ya makabati hadi taa. Ni kweli kwamba vinavyoonyeshwa ni sehemu ndogo sana, chini ya asilimia 1 ya makusanyo, na hivyo mtu anaweza kusema kwamba kabati moja likitolewa kitu, ghalani kuna kingine cha kuweka. Lakini mambo yamekwenda upesi kuliko wapangaji walivyotarajia. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000. Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe alipeleka Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku iitwayo Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho, katika makumbusho ya taifa yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kufunguliwa mwaka 2019. Sheria ya Ubelgiji ya Julai mwaka huo nayo ikaja kuwezesha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni kutolewa katika mali ya dola na kurudishwa, kwa makubaliano na nchi husika.

Kwa hiyo awamu inayofuata ya Tervuren, ambayo itakuja kwa kuwa hakuna ukarabati wa jumba la umri huo usio na awamu inayofuata, itakuwa na tatizo la kinyume na lile la mpango wa Beel. Wakati ule walitafuta nafasi ya vitu vingi. Safari ijayo watatafuta la kufanya na nafasi. Makabati ya Girault hayawezi kuondolewa hata yakiwa matupu, maana ulinzi wa urithi ni wa makabati, si wa kilichomo ndani yake. Ningependa kuona wapangaji wanakaa na wenzao wa Kinshasa na Lubumbashi kabla ya kumtafuta msanifu, wakiwa na ile orodha ya vitu 84,000 mkononi, wakipitia kabati moja baada ya jingine na kuandika mbele ya kila namba kama kitu hicho kitabaki, kitaondoka, au bado kinachunguzwa.